Kupima Unabii wa Mama Domitila

Jumanne, 12 Novemba 2002. Buyenzi.

Mvua ndogo tangu asubuhi, ile isiyo na kelele lakini inalowesha kila kitu. Watoto wazima, mimi mzima, kichwa kizito kidogo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya mifuko ya simenti katika depo ya tajiri wangu, Mzee Yusufu. Siku nyingine zote hukaa hapahapa kama mtunza depo. Leo nakaa kama mtu aliyekimbia kwake, na ufunguo wa mlango bado uko mfukoni mwangu.

Sijaandika tangu Jumamosi. Nitafuata mpangilio, la sivyo nitaanza na mwisho.

Wiki iliyopita milio ya risasi za vita kutoka vilimani ilishuka hadi karibu na Kinama, mtaa wetu. Sisi watu wa Kinama hatukimbii kwa mlio wa kwanza. Tunasikiliza kwanza umetoka upande gani, tunatazama wenye duka la pembeni kama wamefunga, kisha tunaendelea kupika. Lakini Alhamisi wenye duka walifunga, na Ijumaa hawakufungua. Nikamwomba tajiri wangu depo yake, kwa kuwa iko karibu tupu hadi mzigo wa Kigoma ufike. Yeye ni Mwislamu wa hapa Buyenzi, babu yake alizaliwa hapa, na huu ni mwezi wa Ramadhani. Nilianza kuomba radhi kwamba watu wa kanisa watapika mchana mbele ya mtu aliyefunga. Akanikatiza.

"Mi ninafunga, nyinyi mupike tu. Moshi haufuturishi mutu."

Akaongeza kwamba kamioneti yake, lori dogo la depo, ina nafasi Jumatatu asubuhi tu. Baada ya hapo inashuka bandarini na haijulikani itarudi lini. Jumamosi nikatangaza kwenye maombi: mama wenye watoto, wazee na wagonjwa watapanda Jumatatu, wengine watafuata kwa miguu. Watu wakakubali. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika, na hilo pekee lingetosha kunionya.

Lazima nieleze hapa mimi ni nani kanisani, maana bila hilo mambo ya Jumapili hayaeleweki.

Mimi ni mzee wa kanisa tangu Juni. Nina miaka thelathini na sita, na watu bado wanatania kwamba uzee wangu umetangulia mvi zangu. Sikuchaguliwa kwa karama. Kabla yangu walikuwepo wazee wawili: mmoja alifariki kwa ugonjwa, mwingine, Mzee Venansi, aliwapeleka watoto wake Ngozi na hakurudi. Mchungaji akabaki peke yake. Alitazama watu waliokuwepo akaniona mimi, niliyekuwa nikipanga mabenchi, zamu za kwaya, na mtu wa kutafsiri mahubiri kwa Kiswahili kwa ajili ya ndugu waliotoka Uvira na Bukavu.

Kwetu, mtu akisema fulani ana karama, ana maana ya jambo linalosikika. Kunena kwa lugha, unabii, ndoto, kuombea mgonjwa akaamka. Ninajua kwamba katika orodha ya mtume Paulo kuna pia neno maongozi, karibu na mwisho. Sijawahi kusikia mtu akishuhudia kwamba Roho alimshukia akapokea maongozi.

Siku waliponiwekea mikono, kanisa zima lilingoja nifanye kitu. Nitetemeke, nilie, ninene. Nilihisi mikono juu ya kichwa, na mmoja ulikuwa wa baridi.

Hakuna kingine nilichohisi. Sijamwambia mtu.

Sasa Jumapili. Mchungaji hayupo, alivuka kwenda Uvira kumzika dada yake na barabara ikafungwa nyuma yake. Ibada niliiongoza mimi. Baada ya wimbo wa pili alisimama Mama Domitila.

Mama Domitila ndiye nabii wetu. Ni mjane, magoti yake yamevimba, na hasemi mara nyingi. Mwaka jana alimwambia Mchungaji asipande basi fulani la kwenda Bubanza, na basi hilo lilishambuliwa njiani. Tangu siku ile akisimama, hata watoto hunyamaza. Jumapili alifumba macho, akafungua viganja vyake, akasema kwa sauti ya chini:

"Watu wangu, Mi niko pamoja nanyi. Musiondoke. Mutu atakayebaki hapa, nitamuzunguka kama ukuta."

Kanisa likaitikia amina kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu Pasaka. Bonifasi, kiongozi wa kwaya na mpigaji wetu wa ngoma, akaanzisha wimbo bila kuniangalia. Wanawake wawili waliokuwa wameniomba nafasi kwenye kamioneti walikuwa wakilia kwa furaha. Niliwaelewa. Nani anataka kuhama?

Wimbo ulipokwisha, macho yote yakanigeukia, kwa sababu kwetu unabii haufuatwi kabla ya kupimwa. Ndiyo desturi ya kanisa hili tangu mwanzo. Wazee wanatoka, wanaingia chumba cha ngoma nyuma ya madhabahu, wanaomba na kulinganisha walichosikia. Wakirudi, mmoja wao anasema mbele ya watu "tumepokea" au "hatukupokea". Hakuna maelezo. Na lazima wawe wawili au zaidi, kwa sababu mtu mmoja akipima, hayo ni maoni yake tu.

Niliingia chumba cha ngoma peke yangu.

Nilisimama kati ya ngoma na mabenchi yaliyovunjika. Niliomba. Nilisikia mvua juu ya mabati. Niliomba tena, na nikajikuta nawaza kwamba bibi wa Ndugu Saimoni, kwa uzee wake, hawezi kukaa nyuma ya kamioneti, lazima akae mbele na dereva. Nikaona aibu. Mwenzangu ametoka kusikia sauti ya Mungu, na mimi nasikia viti.

Jambo moja nataka niliandike wazi. Ningeweza kurudi na kusema "hatukupokea". Watu wangetii, kwa kunung'unika. Ningeweza pia kusema "tumepokea", tukaimba, na lawama ingekuwa ya mbinguni. Nilisimama mlangoni nikiwa na maneno yote mawili mdomoni.

Nikasema ukweli: kwamba niko peke yangu, desturi inataka wawili, kwa hiyo unabii haujapimwa.

Bonifasi alinijibu kutoka kwenye ngoma yake. "Mzee, Roho hangojei kamati."

Watu wakacheka, mimi pia kidogo. Lakini walipotoka niliwaona wakienda kufungua mizigo. Mmoja alimrudishia jirani yake kamba aliyokuwa ameazima kufungia godoro.

Nyumbani, mke wangu Godeliva hakufungua chochote. Alikuwa amekaa juu ya fuko letu la nguo akimnyonyesha mtoto. Nilimweleza shida ya wapimaji wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza katika kanisa lote nani mwingine aliye na kazi aliyowekewa mikono.

Nikamwambia hakuna, isipokuwa Mama Domitila mwenyewe.

"Basi nenda kwake," akasema. "Walikupa uzee kwa sababu ulijua kupanga viti. Sasa watu wanakaa hewani, na kamioneti inakuja kesho."

Nabii kupima unabii wake mwenyewe, jambo hilo halijawahi kufanyika kwetu. Nilitafuta kama desturi inalikataza. Sikuona, labda kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliwaza.

Alasiri nilimkuta Mama Domitila barazani kwake akichambua maharagi kwenye ungo. Alinipa kigoda. Kanisani ananiita Mzee. Nyumbani kwake ananiita mwanangu, na mimi namwita mama. Nilimwambia nilichokuja kuomba. Alicheka hadi maharagi yakaruka.

"Mutu anajipima mwenyewe? Na nani anashika mizani?"

"Mi nitashika, mama. We utajibu tu."

Sikujua njia ya kiroho ya kufanya hivyo. Nilitumia njia ninayoijua. Mzigo ukifika depo, sipokei gari zima kwa kutazama turubai. Nafungua sanduku mojamoja. Kwa hiyo nilichukua maneno yake mojamoja nikamwuliza kila moja lilivyomjia.

Nilianza na la kwanza, kwamba Mungu yuko pamoja nasi. Alijibu bila kusita. Hilo lilikuja kama yanavyokuja siku zote, viganja vikawa vya moto, na asingeweza kulizuia hata kama angetaka.

Kisha nikamwuliza juu ya neno "musiondoke".

Aliinamia ungo. Alitoa jiwe dogo, akalitupa uani. Akatoa lingine. Nilingoja. Kungoja ninaweza.

"Unajua nimehama mara ngapi?" akaniuliza. Hakutaka jibu. Alinieleza mwenyewe, bila machozi, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Mara ya kwanza alirudi akakuta mabati yamekwenda. Mara ya pili alirudi akakuta hata milango haipo. Mara ya tatu mume wake hakuweza kutembea, wakamweka chini kando ya njia ya Kajaga apumzike, na hapo ndipo alipofia, wakamzika kwenye mchanga wa wavuvi wasiowajua. Tangu hapo akisikia neno kuhama, magoti yanamuuma kabla ya kusimama.

"Nilichoka, mwanangu. Viganja vilikuwa bado vya moto, kanisa limenyamaza, na mi nilichoka. Hiyo 'musiondoke' niliongeza mi."

"Na ukuta, mama?"

"Ukishaongeza moja, ya pili inakuja peke yake."

Nilikuja nikitafuta mpimaji wa pili, na sasa tulikuwa wawili, na tumepima. Ilibaki kusema. Nilimwambia kwamba desturi haidai maelezo. Kesho kwenye maombi ya asubuhi nitasimama niseme "hatukupokea", basi, na la ndani litabaki kati yetu wawili.

Alitikisa kichwa. Alisema watu hawatanisikia. Wataona mzee wa viti amemzima Roho, na watabaki Kinama ili kunionyesha. Akisema yeye mwenyewe, watapanda. Halafu akaniuliza swali ambalo bado liko nami ninapoandika.

"Lakini nikisema niliongeza, nani atanisikiliza siku nyingine?"

Nilijua jibu zuri lingekuwa jibu la kichungaji. Sikuwa nalo.

"Sijui, mama," nikasema.

Akaniambia angalau sikuongeza kitu.

Jana, Jumatatu, kamioneti ilifika mapema kuliko tulivyotarajia, kanisa likiwa bado linaomba. Dereva aliiacha ikinguruma nje. Mama Domitila alisimama akishikilia benchi la mbele. Hakufumba macho wala kufungua viganja. Alisema lile la kwanza alipewa, na mengine mawili aliongeza mwenyewe kwa sababu ya uchovu, na kwamba yeye na mimi tumepima, na hayo mawili hatukupokea.

Sikuwahi kusikia kanisa kimya namna ile. Hata siku ya mazishi watu hukohoa.

Bonifasi ndiye aliyeuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu. "Na ile ya basi, mama? Nayo uliongeza?"

"Apana. Ile sikuongeza. Ile nilitamani hata isiwe."

Kisha akachukua fimbo yake akatoka kwenda kwenye kamioneti, akashindwa kupanda kwa ajili ya magoti, na wale wanawake wawili waliolia kwa furaha juzi ndio waliomwinua. Baada ya hapo walipanda wengi. Si wote. Bonifasi alibaki na vijana wa kwaya. Alisema nabii anaweza kuchanganyikiwa lakini yeye alisikia amina moyoni mwake, na amina ile haijaondoka. Sikubishana naye. Nilimwachia ufunguo wa kanisa.

Bibi wa Ndugu Saimoni alikaa mbele.

Hapa depo Mzee Yusufu alikuwa amekwisha kufagiza. Tulitundika shitingi, yale maturubai ya plastiki ya wakimbizi, kati ya rafu za misumari na mahali pa kulala, wanawake huku, wanaume huku. Jioni, adhana ilipolia, mke wake alituletea uji wa futari kwenye ndoo, nasi tukaunywa pamoja nao uani, wengine wakiwa hawajui kama ni halali kwao kusema amina baada ya dua ya Mzee Yusufu. Walisema.

Usiku wa jana nililala vibaya. Nilitegea sikio upande wa kaskazini, kuliko Kinama. Niandike na hili: sehemu yangu moja ilitamani kusikia mlio.

Sikusikia kitu.

Na leo asubuhi, mvua ikinyesha, Bonifasi alitokea langoni akiwa ametembea kutoka Kinama, ngoma kubwa ya kanisa kichwani, imefungwa kwa plastiki, mwenyewe amelowa hadi mfupa. Watu walimzunguka kabla hajaitua. Habari ilikuwa moja. Kinama ilikuwa kimya usiku kucha. Hakuna risasi, hakuna mlango uliogongwa, majogoo wamewika. Alisimama mbele ya Mama Domitila, macho yanang'aa, akamwambia kwa sauti ya kusikika uani kote kwamba ukuta ulikuwepo. Kwamba unabii wote ulikuwa wa kweli, na aliyekosea ni yule aliyeutilia shaka, hata kama ni nabii mwenyewe.

Niliona jinsi lilivyowaingia watu. Mmoja akaanza kukunja mkeka. Mama mmoja akauliza kama kamioneti imekwisha kwenda, na wengine wakageuka kunitazama mimi. Usiku ulikuwa kimya kweli.

Na Mama Domitila alikuwa amepewa tena kila kitu alichotoa jana. Alihitaji tu kunyamaza. Kama angeinamisha kichwa, angekuwa nabii mkubwa kuliko alivyokuwa Jumapili, na jioni wote wangekuwa njiani kurudi.

Alimwangalia Bonifasi kama anavyowaangalia wajukuu.

"Mi nilisema niliongeza," akasema. "Kama usiku umekuwa mwema, mushukuru Mungu. Musinishukuru mi kwa neno langu la uchovu."

"Sasa Bwana anasema nini, mama?" Bonifasi akauliza. "Turudi ao tubaki?"

"Sijaambiwa kitu. Muulize Mzee. Yeye njo alijua kamioneti itakuja siku gani."

Kabla sijafungua mdomo, Godeliva, aliyekuwa akimfunga mtoto mgongoni, alimwuliza Bonifasi kwa upole, kama mtu anayetaka kuelewa tu:

"Shemeji, kama ukuta uko kule, ngoma umeibeba ya nini?"

Bonifasi aliitazama ngoma. Akanitazama mimi. Kijana wa kwaya aliyekuja nyuma yake akaanza kucheka, kisha mama mmoja, kisha uani kote, mpaka mke wa Mzee Yusufu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mwisho Bonifasi mwenyewe alicheka, akajifuta maji usoni, akasema ile ngoma ni ya mti mzuri, haipatikani tena. Aliyekuwa akikunja mkeka aliukunjua.

Ndipo nikasema nilichokuwa nacho, nacho si unabii. Tutabaki hapa hadi Ijumaa, mzigo utakapofika, na kabla ya hapo nitatafuta mahali pengine. Kila asubuhi mimi na Bonifasi tutakwenda Kinama kuangalia, tukirudi tutasema tulichokiona kwa macho. Akikataa mmoja wetu, hatuhamishi mtu. Bonifasi akasema sawa, Mzee, na kwa mara ya kwanza sikusikia utani ndani yake. Labda alikuwa amechoka tu.

Mchungaji akirudi nitamweleza yote, hata kwamba tulipima wawili na mmoja alikuwa mwenye unabii. Kama atasema nimevunja desturi, nitakubali kuonywa. Lakini nitamwomba tuendelee hivyo, na mwenye kunena aitwe ndani, aulizwe neno kwa neno.

Kuhusu karama yangu, leo sina jibu zaidi ya nililokuwa nalo Juni. Nimeomba asubuhi hii pia. Nimesikia mvua.

Jioni hii Mama Domitila aliombwa amwombee mtoto wa mke wa Saimoni mwenye homa. Mke wa Saimoni mwenyewe ndiye aliyemfuata, mmoja wa wale wanawake wawili waliolia kwa furaha Jumapili, akasimama mbele yake na mtoto, akangoja. Mama Domitila aliniangalia kwanza, sijui kwa nini. Kisha akafungua viganja vyake.

Ngoma nimeiweka juu ya mifuko, mbali na ukuta unaovuja. Kesho tunatoka mapema mimi na Bonifasi. Nitaona nini, na nitakuwa tayari kukisema hata kama si kile ninachokitaka?